Samaki wanaogelea, lakini maji yanaweza kukuua

Usalama wa umeme kwa wanaototoa vitoto vya kambale nyumbani, ndani ya akwaryumu na baseni



Katika toleo hili tunaacha kidogo mambo ya chakula cha samaki na bei ya soko. Tunataka kuzungumza juu ya kitu ambacho wengi wetu tunakishika kila siku bila kukifikiria: umeme ulio karibu na maji.

Siku hizi, katika milima inayozunguka Bukavu, koperative nyingi za wafugaji wa samaki hazingoji tena vitoto kutoka mbali. Wanachama wanakamua mayai ya kambale wenyewe na kuyatotoa ndani ya nyumba, kwenye akwaryumu za kioo au baseni za plastiki. Ni kazi nzuri na ina faida. Lakini Ziwa Kivu lenyewe liko mita 1,460 juu ya bahari, na vijiji vyetu viko juu zaidi. Usiku baridi inashuka. Mayai ya kambale yanataka maji ya joto, digrii 25 hadi 28, ili yatotoke vizuri mnamo siku moja au moja na nusu. Vitoto navyo vinataka hewa ndani ya maji mchana na usiku, kwa sababu kambale mchanga bado hana kile kiungo ambacho kambale mkubwa anatumia kuvuta hewa ya juu.

Kwa hiyo nyumbani kunaingia rezistansi ya kupasha maji, pompi ya hewa, taa, na multiprizi moja ya kuunganisha vyote. Umeme na maji vinalala chumba kimoja, na mara nyingi ni chumba kile kile ambamo watoto wanalala.

Ilivyotokea kwa mama mmoja

Mwanachama mmoja wa koperative ya Kabare alikubali tuandike habari yake, ila bila jina. Yeye ndiye anayetunza akwaryumu ya koperative sebuleni kwake.

Siku hiyo umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Delestaji, kama kawaida. Akaona ni wakati mzuri wa kubadilisha maji. Alitoa nusu ya maji kwa mpira, akaenda kuchota mengine. Rezistansi aliiacha ikining'inia mahali pake, sehemu kubwa ikiwa nje ya maji. Hakuichomoa kwenye prizi. Kwa nini aichomoe, na umeme haupo?

Umeme ukarudi yeye akiwa kwenye robine. Rezistansi ikawaka bila maji ya kuipoza, kioo chake kikapata moto sana. Aliporudi akamwaga maji baridi ya bido. Kioo kile kikapasuka, ufa mdogo tu, ambao hakuuona. Kisha akaingiza mkono kutoa mayai yaliyooza. Alikuwa miguu mitupu, juu ya sima iliyolowa maji yaliyomwagika.

“Nilisikia kitu inanikamata mukono,” alituambia. “Nilipenda kulia, sauti haikutoka. Nikaanguka nyuma, njo ile iliniokoa. Nilipoamuka niliangalia mu akwaryumu: samaki zilikuwa zinaogelea tu, sawa vile hakuna kitu. Na disjonkteri haikuanguka. Nilifikiri labda ni mwili yangu njo iko mugonjwa.”

Akaongeza neno moja ambalo limetufanya tuandike makala hii: “Kila asubuhi mwenye anakulishaka zile samaki ni mutoto wangu ya myaka kenda.”

Mama huyu aliona mambo mawili ambayo wengi wanayachukua kama uthibitisho kwamba hakuna hatari: samaki wazima, na disjonkteri isiyoanguka. Yote mawili yanadanganya. Tuyaangalie moja moja.

Kwa nini samaki hawakufa?

Umemwona ndege akitua juu ya waya wa umeme. Hafi. Miguu yake yote iko kwenye waya mmoja, na umeme hauna mahali pa kutokea. Umeme unaua pale unapopata njia: unaingia upande mmoja wa mwili na kutoka upande mwingine kwenda udongoni.

Akwaryumu ni kioo, na kioo hakipitishi umeme. Rezistansi ikipasuka, maji yote yanashika umeme, lakini umeme umefungwa humo ndani. Samaki naye amefungwa pamoja nao, kama yule ndege juu ya waya. Anaogelea, anakula, haoni kitu.

Sasa wewe unakuja. Miguu yako iko juu ya sima, sima iko juu ya udongo. Unaingiza mkono. Hapo wewe ndiwe unakuwa njia ambayo umeme ulikuwa unaikosa.

Kwa hiyo msipime maji kwa kuangalia samaki. Samaki hawezi kuwa shahidi wa jambo hili.

Kwa nini disjonkteri haikuanguka?

Hapa ndipo wengi tunajidanganya. Tunasema: “Nina disjonkteri, nimelindwa.” Disjonkteri ya kawaida, au fuzibo, iliwekwa ili kulinda waya usiungue. Haikuwekwa kwa ajili ya mtu.

Tufanye hesabu kidogo. Kwenye nyumba nyingi, disjonkteri ya prizi inaandikwa 16 A, yaani ampere 16. Ampere moja ina miliampere 1,000, kwa hiyo 16 A ni miliampere 16,000. Mwili wa mtu je?

– Miliampere 1 hivi: unasikia kama siafu wanakuuma.
– Miliampere 10 hivi: misuli inajikaza, mkono haufunguki tena, huwezi kuachilia kitu ulichoshika.
– Miliampere 30 na zaidi: pumzi inaweza kusimama, na moyo unaweza kupoteza mwendo wake ikiwa umeme unaendelea kupita.

Umeme wa nyumba zetu ni volti 220. Mtu mwenye ngozi iliyolowa, miguu mitupu, anaweza kuuzuia kwa ohm 1,000 tu. Gawanya 220 kwa 1,000: unapata ampere 0.22, ndiyo miliampere 220. Inatosha kuua mara nyingi. Lakini disjonkteri ya 16 A haiwezi hata kutikisika. Kwake hiyo ni kama taa ndogo imewashwa. Utakufa, na taa ya sebule itaendelea kuwaka.

Walinzi wawili: diferansieli na tere

Kuna chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya mtu. Kinaitwa disjonkteri diferansieli, au diferansieli kwa kifupi. Kazi yake ni kama ya mtunza hazina wa koperative. Anahesabu franka zinazotoka na franka zinazorudi. Zikilingana, sawa. Zikipungua, anafunga sanduku na kuuliza: zimepita wapi?

Diferansieli inahesabu umeme unaotoka kwa fazi na ule unaorudi kwa netre. Kama sehemu imepotea njiani, maana yake imepita pengine: kwenye udongo, kwenye ukuta wenye maji, au mwilini mwa mtu. Ile ya miliampere 30 inakata kabla hujamaliza kupepesa jicho. Unaweza kusikia pigo, lakini umeme haupati muda wa kukushikilia.

Mkienda kununua, someni maandishi. Tafuteni 30 mA, wengine wanaandika 0,03 A. Kuna zinazoandikwa 300 mA au 500 mA: hizo zinasaidia nyumba isiungue, lakini kwa mtu mwenye mkono ndani ya maji zinachelewa. Juu ya diferansieli kuna kidude cha kubonyeza, kimeandikwa T au Test. Kibonyezeni mara moja kila mwezi. Isipokata, imekufa, ibadilisheni.

Mlinzi wa pili ni tere: waya wa rangi ya kijani na manjano unaotoka kwenye mwili wa chuma wa pompi au mashine na kwenda hadi kwenye fimbo iliyopigwa udongoni. Kama waya wa ndani umechubuka na kugusa chuma, umeme unapata njia ya kushuka udongoni bila kukungoja wewe.

Je, tere peke yake inatosha? Hapana, na hili fundi wengi hawalisemi. Chukueni fimbo nzuri, yenye ohm 50. Gawanya 220 kwa 50: ni ampere 4.4. Disjonkteri ya 16 A inaona 4.4 na kunyamaza. Umeme unaendelea kuvuja mchana na usiku, mwili wa pompi unabaki na hatari, na konteri inakula pesa yenu. Lakini 4.4 A ni miliampere 4,400, na diferansieli ya 30 inakata papo hapo.

Na diferansieli peke yake? Inakulinda, lakini bila tere inangoja mtu aguse ndipo ijue kwamba kuna kasoro. Wewe ndiwe unakuwa kipimo. Tere ikiwepo, diferansieli inakata siku ile kasoro inapoanza, kabla ya mkono wa mtu kufika. Wazee walisema kidole kimoja hakivunji chawa.

Akwaryumu ina shida yake

Pompi ya chuma inafungwa tere kwenye mwili wake. Lakini rezistansi ya akwaryumu ni ya kioo, na pompi ndogo za kuzamisha ni za plastiki. Zikipasuka, umeme unaingia kwenye maji, na maji hayana waya wa kijani na manjano. Ndicho kilichotokea Kabare. Hata kama nyumba ingekuwa na fimbo ya tere nje, maji yale hayakuunganishwa nayo.

Dawa yake ni kuyapa maji yenyewe tere. Chukueni kipande cha inox, kwa mfano upawa wa zamani wa inox, ukining'inia ukingoni huku sehemu yake ikiwa ndani ya maji. Waya wa tere ufungwe kwa nguvu sehemu ya juu, nje ya maji. Sasa rezistansi ikipasuka, umeme unatoka kupitia upawa, diferansieli inakata, na asubuhi mnakuta umeme umekatika kwenye akwaryumu. Mnajua kuna kasoro, na hakuna aliyeumia.

Zingatieni mambo mawili:

Kwanza, msitumie shaba wala chuma kilichopakwa zenki ndani ya maji. Shaba na zenki ni sumu kwa vitoto vya samaki. Ni inox tu, na ule waya wa shaba usiguse maji.

Pili, msifanye hivi kama hamna diferansieli. Upawa ndani ya maji bila diferansieli unaongeza hatari. Umeme utavuja bila kusimama. Na mtu mwenye mkono mmoja ndani ya maji, akigusa kwa mkono mwingine waya uliochubuka, amepewa njia nzuri zaidi ya umeme kupita kifuani. Fuateni utaratibu: diferansieli kwanza, fimbo ya tere ya pili, upawa wa mwisho.

Namna ya kuweka fimbo ya tere

Kazi ya tablo ni ya fundi wa umeme. Lakini koperative ijue kinachofanyika, ili isidanganywe.

Fimbo iwe ya chuma kilichopakwa shaba, iingie udongoni mita 1.5 au zaidi. Chagueni mahali penye unyevu wa kudumu: upande ambao maji ya paa yanaangukia, au karibu na migomba. Udongo mwekundu wa Kabare na Walungu unapokea fimbo vizuri. Wenzetu wa upande wa Goma, juu ya mawe ya volkano, wana shida: lava kavu haipitishi umeme vizuri na fimbo haiingii. Huko wachimbe mtaro mrefu, walaze waya mzito wa shaba usio na plastiki, wafunike na udongo mzuri walioleta, kisha waumwagilie.

Kama fimbo moja haitoshi, ongezeni ya pili, na baina yake na ya kwanza muache nafasi isiyopungua urefu wa fimbo. Mwombeni fundi apime kwa kipimo chake. Ohm 100 au chini ya hapo ni vizuri kwa nyumba yenye diferansieli ya 30 mA. Apime mwezi wa saba au wa nane, udongo ukiwa mkavu, kwa sababu wakati wa mvua kila tere inaonekana nzuri. Na kumbukeni: kile kidude cha Test kinapima diferansieli tu, hakipimi tere. Kinaweza kufanya kazi hata kama fimbo haipo.

Udanganyifu tuliouona katika nyumba tulizotembelea:

– Waya wa kijani na manjano umekatwa na kukunjwa ndani ya prizi, haujafungwa popote. Prizi inaonekana nzuri, lakini tere yake ni ya picha tu.
– Fundi amekosa waya, akatumia ule wa kijani na manjano kama fazi. Hii ni mtego kwa fundi atakayekuja kesho.
– Tere imeunganishwa na netre ndani ya prizi, “ni kitu kimoja”. Si kitu kimoja. Siku netre itakapokatika, mwili wote wa mashine utashika volti 220.
– Tere imefungwa kwenye bomba la maji. Zamani mabomba yalikuwa chuma. Leo mengi ni plastiki, nayo haipitishi kitu.
– Prizi ina tere, lakini multiprizi au ralonji ni ya waya mbili. Mnyororo umekatika katikati.

Yasiyohitaji pesa

Tunajua si kila koperative inaweza kununua diferansieli wiki hii. Lakini kuna mambo ambayo mnaweza kuanza leo jioni, bure kabisa.

1. Chomoa kwanza, ndipo uingize mkono. Usizime tu kwa kitufe, chomoa fishi, kile kichwa cha waya. Hata kama umeme umekatika. Hasa kama umeme umekatika, kwa sababu hakuna anayejua utarudi saa ngapi.

2. Rezistansi ichomolewe dakika 15 kabla ya kupunguza maji, ili kioo kipoe. Irudishwe kwenye prizi baada ya maji kuifunika tena hadi alama yake.

3. Multiprizi isilale chini. Itundikwe ukutani, juu kuliko maji ya akwaryumu, na isiwe chini ya akwaryumu wala nyuma yake pale maji yanaporuka.

4. Kila waya ufanye tumbo. Kabla ya kufika kwenye prizi, waya ushuke chini zaidi ya prizi, kisha upande tena. Maji yakitembea juu ya waya yatadondoka pale kwenye tumbo, hayataingia ndani ya prizi.

5. Pompi ya hewa iwekwe juu zaidi ya usawa wa maji. Umeme ukikatika, maji yanaweza kurudi kupitia kimpira cha hewa, yakajaza pompi na kumwagika sakafuni. Umeme ukirudi unaikuta pompi imelowa. Kama hakuna mahali pa juu, nunueni kile kivalvu kidogo cha kuzuia maji kurudi.

6. Vaa viatu vya plastiki au kandambili kavu, na weka ubao mkavu mahali unaposimama. Hii inapunguza hatari, haiiondoi. Haichukui nafasi ya namba 1.

7. Waya uliochubuka ubadilishwe. Skochi inayofungwa juu ya waya unaozama majini inashika siku mbili, ya tatu inaachia.

8. Ukisikia hata kidogo kama siafu kwenye vidole, usiseme “ni kidogo”. Leo ulikuwa umevaa viatu. Kesho mtoto atakuja miguu mitupu. Kata umeme, chomoa vyote, tafuta kasoro.

Njia nyingine: sola ya volti 12

Kuna koperative ambazo zimeamua kuondoa kabisa volti 220 karibu na vitoto vya samaki. Wanatumia pompi ya hewa ya volti 12, inayochukua umeme moja kwa moja kwenye batri ya sola, bila kupitia onduleri. Volti 12 haiwezi kumuua mtu kwa kumgusa, hata mkono ukiwa ndani ya maji. Na delestaji haiwahusu tena: usiku vitoto vinapata hewa.

Lakini batri nayo ina hasira yake. Waya zake mbili zikigusana zinaweza kuwasha nyumba. Wekeni fuzibo karibu na batri, upande wa plus. Na kama mnapitisha umeme kwenye onduleri ili kupata 220, basi hatari yote imerudi, na maneno yote tuliyoandika juu yanarudi nayo.

Kupasha maji kwa sola ndogo ni vigumu, rezistansi inakula sana. Wengine wanafunika akwaryumu kwa ubao na blanketi usiku, au wanaiweka chumba cha jikoni ambacho kina joto. Wengine wanapanga kutotoa katika miezi isiyo ya baridi sana. Si kila shida inataka umeme.

Kwa wenye jenereta: umeme wake mara nyingi haujaunganishwa na udongo, kwa hiyo diferansieli inaweza kukaa kimya hata kama kuna kasoro. Fundi anayeelewa kazi aitazame kabla hamjaitegemea. Na msiingize kamwe umeme wa jenereta katika nyumba kwa ralonji yenye fishi pande zote mbili. Umeme huo unatoka nje hadi kwenye waya za mtaa, na fundi aliye juu ya nguzo anajua kwamba waya hazina kitu.

Mtu akipigwa

Usimguse. Wengi wamekufa wawili wawili kwa sababu wa pili alikimbia kumvuta wa kwanza. Kata umeme kwenye disjonkteri, au chomoa fishi ikiwa unaweza kuifikia bila kukanyaga maji. Kama haiwezekani, simama juu ya kitu kikavu na msukume kwa mti mkavu au kiti cha plastiki.

Akiwa ameachana na umeme, angalia pumzi. Kama hapumui na haitiki, mlaze chali, weka mikono miwili katikati ya kifua na ukandamize kwa nguvu, kina cha sentimita 5 hivi kwa mtu mzima, haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Usisimame mpaka apumue au msaada ufike. Mwingine atafute pikipiki ya kwenda kituo cha afya.

Kama kuna atakayesema mfunikeni na udongo ili umeme utoke, au mpeni maziwa, msimsikilize. Umeme haubaki mwilini. Kinachobaki ni moyo uliochoka, na muda mnaopoteza ni wa moyo huo.

Hata akiamka na kusema ni mzima, apelekwe kwa muganga. Jeraha la umeme linaonekana dogo juu ya ngozi na kubwa ndani, na moyo unaweza kusumbua baadaye. Mama wa Kabare alikuwa na alama ndogo tu kwenye kidole. Walimwangalia kituoni usiku mzima kabla ya kumruhusu kurudi.

Koperative iliamua nini

Tulipomtembelea tena, tulimkuta akitotoa. Koperative ilikaa mkutano mara mbili. Mara ya kwanza wengine walisema pesa ya diferansieli itoke mfukoni mwa mama, kwa sababu akwaryumu iko kwake. Mzee mmoja akauliza: “Samaki ni za nani?” Basi wakakubali kwamba kama samaki ni wa wote, hatari nayo ni ya wote. Fundi alilipwa kutoka sanduku la koperative.

Leo diferansieli ya 30 mA iko ukutani, multiprizi imetundikwa, fimbo iko nje chini ya maji ya paa, na upawa wa inox unaning'inia kwenye kona ya akwaryumu. Juu ya kioo amebandika karatasi aliyoandika kwa mkono wake: CHOMOA KWANZA. Mtoto bado analisha samaki. Anatupa chakula juu, mikono yake haiingii majini, na kuchomoa ni kazi ya mama.

Ya kuzungumza katika mkutano wenu

– Katika koperative yetu, ni nyumba ngapi zina umeme karibu na maji ya samaki? Nani aliziangalia mara ya mwisho?
– Kuna diferansieli? Imeandikwa ngapi? Nani anabonyeza Test kila mwezi, na wapi anaandika tarehe?
– Multiprizi zetu ziko wapi sasa hivi: ukutani au sakafuni?
– Kama hatuna pesa ya vyote, tutaanza na nini, na sanduku litatoa kiasi gani?
– Nani kati yetu anajua kukandamiza kifua? Tunaweza kumwalika muganga wa kituo cha afya aje kutufundisha?

Tutafurahi kusikia mlivyoamua. Tumeni habari zenu kupitia agronomi wenu anayewaletea gazeti hili, nasi tutaziandika ili koperative nyingine zijifunze. Na leo, mkifika nyumbani, kabla ya kulisha samaki, angalieni kwanza waya unaenda wapi.